Unaamkia Nini?



Hapa Nakivale tukikutana swali la kwanza ni lile lile: "Kesi yenu imefika wapi?" Na jibu ni lile lile: tunangoja. Kungoja si kosa. Kuna wazazi wamengoja zaidi ya miaka kumi, na hakuna kitu wangefanya simu ya mahojiano ije haraka. Shida ni pale kungoja kunapogeuka kazi yetu ya siku nzima.

Kuna mama jirani yetu, ametoka Kivu kama sisi. Tulikuwa naye kwenye mafunzo ya kutengeneza sabuni. Wengi walikuja sababu majina yao yalisomwa, na mwisho kuna nauli na cheti. Yeye alikuja na maswali yake: lita moja ya mafuta inatoa vipande vingapi? Kostiki soda inauzwa bei gani Mbarara? Aliuliza mpaka mwalimu akacheka. Kumbe alikuwa anapiga hesabu ya karo ya mtoto. Leo sabuni yake iko sokoni Base Camp. Somo lilikuwa moja kwetu wote, ila yeye alijua amefuata nini.

Tangu pale na mimi asubuhi najiuliza: leo nafanya hii ili iweje? Kusudi langu kwa sasa ni moja, tena dogo: mdogo wangu wa kike afanye mtihani wa taifa wa darasa la saba bila kukosa. Basi naenda kuchota maji mapema ili yeye asichelewe shule. Simu naichaji mchana, maana usiku tochi yake ndiyo taa ya kusomea. Nikipata kibarua cha kulima, pesa ya kwanza ni ya daftari na karo, bando itafuata. Rafiki akiniita kijiweni namwambia, "Ngoja saa mbili, tumalize hesabu." Amezoea. Siku zingine anakuja mwenyewe kumsaidia Kiingereza.

Lakini tusidanganyane. Kusudi halijazi sufuria. Mgao umepungua, na mtu aliyelala njaa hashibi maneno. Ndiyo maana kusudi la mtu lazima liendane na nguvu aliyonayo siku hiyo.

Na ninyi wafanyakazi wa mashirika, mkituita kwenye mafunzo, mtuulize kwanza tunataka kuyafanyia nini, ndipo muandike majina. Mtashangaa nani atakuja na nani atabaki nyumbani.

Kesi yetu bado haijatembea. Ikitembea, mdogo wangu ataondoka na masomo yake kichwani. Isipotembea, atayatumia hapa hapa. Kwa hiyo hata moja ya jioni zetu haitapotea.

Na wewe je, kesho unaamkia nini?