Kuvuka ziwa kutafuta masomo ya sinema



Wiki iliyopita tulipanda boti ya asubuhi kutoka Bukavu kwenda Goma. Tulikuwa watatu: mama mmoja wa chama chetu, binti yake aliyemaliza mwaka wa tano wa sekondari, na mwalimu wake anayewaandikia. Binti anataka kutumia vakansi kujifunza kutengeneza filamu. Mama alikuwa na pesa kwenye kitambaa, na pesa hiyo ndiyo ya kulipia shule mwezi wa tisa. Ikipotea, mtoto atafukuzwa darasani mwaka wa mtihani wa Serikali.

Tulipopita kando ya Idjwi, binti alipiga picha za wachuuzi kwa simu. Hatukumkataza.

Goma ni mji wa mawe meusi ya Nyiragongo, iliyolipuka mwaka 2002 na tena 2021. Ni mji wa sinema pia. Kituo cha Yole!Africa, kilichoanzishwa na mtengenezaji filamu Petna Ndaliko Katondolo, kimefundisha vijana sinema, dansi na muziki.

Mahali pa kwanza tulipoingia, jina tunaliacha, walituonyesha kamera kubwa na cheti chenye muhuri. Tukauliza: wanafunzi wangapi? Thelathini. Kamera ngapi? Moja. Wanatoka saa ngapi? Saa mbili ya usiku. Nani anawasindikiza wasichana? Kimya.

Mahali pa pili palikuwa chumba kidogo na kompyuta tatu. Watoto ni kumi na wawili, katika vikundi vitatu, na kikundi kimoja kinaongozwa na mwanamke. Kwa wiki tatu kila kikundi kinaandika hadithi, kinapiga picha na kuziunganisha, kisha wazazi wanaitwa kutazama. Saa tisa mchana watoto wanarudi nyumbani. Bei ni nusu ya kule kwa kwanza, tena wanakubali kulipwa kidogo kidogo.

Mama akauliza: "Mwalimu, wiki tatu zitamfikisha wapi?"

Tukamweleza habari za Dieudo Hamadi wa Kisangani. Alisomea udaktari, lakini sinema alijifunza katika mafunzo mafupi. Mwaka 2014 alitoa filamu *Examen d'État*, juu ya wanafunzi wa Kisangani wanaofukuzwa kwa kukosa pesa za walimu, huku mtihani unakaribia.

Mama alinyamaza. Halafu akafungua kitambaa, akahesabu malipo ya kwanza, akafunga tena. Kilichobaki kinatosha kuanza mwezi wa tisa. Binti atalala kwa shangazi yake, hapohapo Goma.

Wamama, cheti kisiwapoteze. Kabla ya kulipa, nendeni mkaone wenyewe. Hesabuni kamera, ulizeni saa ya kurudi, ombeni kutazama filamu za watoto wa mwaka jana. Kama hakuna hata moja, rudini na pesa yenu.