Chombo cha Njia na Kimo cha Gari

Sisi ni jamaa ya Bukavu, lakini twakaa Liège, katika nchi ya Ubelgiji, tangu miaka mingi. Mwaka 2022, watoto walipofunga shule, tulikodi gari-nyumba kwa siku 14. Yafaa tulieleze gari hili kwa wasomaji ambao hawajapata kuliona. Ni motokari kubwa, ndefu karibu mita 7, ambayo ndani yake mna vitanda, meza, jiko la gesi, tangi la maji na choo kidogo. Watu wa Ulaya hulipenda kwa sababu jamaa nzima yaweza kusafiri mbali pasipo kulala hotelini. Tulikuwa watu sita: wazazi wawili, watoto watatu, na shangazi yetu aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Bukavu. Tulikusudia kufika kusini ya Ufaransa, kwenye mto Ardèche.

Habari ya njia haikutusumbua. Tuliiegemeza simu mbele ya usukani, kama tulivyozoea katika motokari yetu ndogo ya mjini, tukaandika jina la mahali, na sauti ya mwanamke ikaanza kutuagiza kwa Kifaransa: shika kulia, shika kushoto. Shangazi aliipenda sauti ile tangu siku ya kwanza. Kila ilipomaliza kusema, yeye aliitikia kwa adabu: "Asante, mama." Watoto walicheka sana.

Siku ya pili, saa kumi na moja jioni, ajali ilitokea mbele yetu katika barabara kuu, na magari yote yakasimama. Simu ikatuonyesha njia nyingine ya kutuokolea dakika 20. Tukatii. Tukapita kijiji kimoja, kisha cha pili. Barabara ikazidi kuwa nyembamba, ukuta wa mawe upande wa kushoto, mfereji upande wa kulia. Mwishowe ikateremka na kupinda, na mara tukaona mbele yetu daraja la reli, la mawe, la zamani, lililopita juu ya barabara. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na miaka saba, na wakati ule alisoma kila kibao kwa sauti kubwa. Akasema: "Papa, mbili nukta saba. Sisi ni ngapi?"

Baba wa nyumba, aliyeshika usukani, akakanyaga breki. Hatukujua sisi ni ngapi. Hiyo ndiyo aibu yenyewe, wala hatuifichi. Kibao kilikuwa cha mviringo, cheupe, chenye ukingo mwekundu, nacho kilikataza gari lolote lenye kimo cha zaidi ya mita 2.7. Tulipekua karatasi za gari. Zikasema mita 2.89. Sauti ya simu, wakati ule ule, iliendelea kutuhimiza twende mbele.

Safari hii shangazi hakusema asante. Alifungua mlango, akashuka, akakaza kitenge chake, akaenda kusimama katikati ya barabara nyuma ya gari, akainua mkono. Motokari tatu zilikuwa zimekwisha fika, zikipiga honi. Shangazi hana Kifaransa cha kumtosha kugombana na watu, lakini hakuna dereva aliyethubutu kumpita. Mkulima mmoja mzee akatoka shambani, akatuongoza kwa ishara za mikono, nasi tukarudi kinyumenyume pole pole, karibu mita 200, hata tukapata mlango wa shamba wa kugeuzia. Kazi hiyo ilitula karibu saa nzima. Kioo kimoja cha pembeni kilikwaruzwa na ukuta, nasi tukakilipa baadaye.

Usiku huo tulilala katika kiwanja cha kambi. Jirani yetu, Mholanzi mwenye mvi ambaye husafiri hivyo kila mwaka, alisikiliza habari yetu hata mwisho, kisha akauliza: "Je, mmelipima gari wenyewe?" Akaleta ngazi, ubao mnyofu na uzi wenye jiwe. Aliulaza ubao juu ya paa, mahali palipoinuka kuliko pote, akauteremsha uzi kutoka ncha ya ubao hata chini, akaupima. Mita 3.04. Kumbe wenye gari walikuwa wameongeza mashine ya kutia baridi juu ya paa, na karatasi zilibaki zile zile za kiwandani.

Tukatazamana. Daraja lile lilitupinga waziwazi, ndipo tukasimama. Lakini kama kibao kingesema mita 3, tungefungua karatasi, tungeona 2.89, tungeingia kwa moyo mtulivu, na shangazi na watoto watatu wamekaa nyuma chini ya paa lile.

Shangazi ndiye aliyeanza kusema. Marehemu mume wake alikuwa dereva wa kamio kubwa la mizigo kati ya Bukavu na Uvira, na wanaoijua miteremko ya Ngomo wajua kazi hiyo ni ya namna gani. Alituambia kwamba mzee huyo hakuteremka Ngomo kamwe pasipo kumsimamisha dereva aliyepanda na kumwuliza: daraja lingali zima? matope yamefika wapi? Naye dereva mwenzake, kabla ya kujibu, alizunguka kwanza kamio la mume wake, akatazama magurudumu na mzigo. Ndipo aliposema pita, au ngoja. "Mama huyu wa ndani ya simu," shangazi akasema, "ametujibu asipoutazama mzigo wetu."

Twakiri kwamba maneno hayo yalitufunza kuliko vitabu vyote tulivyosoma baadaye juu ya vyombo hivi. Hata hivyo, tulisoma. Watu wengi hudhani kwamba setilaiti zilizo juu zaona barabara na kutuchagulia. Sivyo. Setilaiti za Waamerika, ambazo mfumo wake huitwa GPS, huzunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi. Ya kwanza ilirushwa mwaka 1978. Tangu mwaka 2016 Ulaya nayo yatoa ishara za mfumo wake uitwao Galileo. Chombo kilicho garini hupokea ishara za setilaiti nne au zaidi, na kwa kupima muda wa ishara hizo kufika chajua mahali kilipo. Mpaka mwezi wa tano wa mwaka 2000 serikali ya Marekani ilizivuruga kwa makusudi ishara za watu wa kawaida, hata kosa likaweza kufika mita 100. Tangu hapo kosa ni la mita chache tu. Hii ni kazi ya kustaajabisha. Lakini setilaiti hazijui daraja. Zakusaidia kujua uko wapi, basi. Habari za daraja zimo katika ramani, na ramani huandikwa na watu. Tena, hata kama kimo kimeandikwa vizuri katika ramani, chombo kisichoambiwa kimo cha gari lako hakina sababu ya kukisoma.

Mwaka uliofuata tulinunua gari-nyumba la zamani, kwa kushirikiana na shemeji yetu wa Namur. Kabla ya kununua hata pazia moja tulilipima kwa ubao na uzi: mita 2.96. Kisha tukaenda dukani kutafuta chombo cha njia.

Kile cha motokari ndogo tulikirudisha mezani upesi. Kilikuwa kizuri na cha bei nafuu, lakini hakikuwa na mahali pa kuandika kimo. Kingine kilikuwa cha madereva wa malori, na shemeji alikitamani, maana, alisema, kinachofaa kwa mkubwa chatufaa sisi wadogo. Mwuzaji alikuwa mtu wa kweli, akatuonya. Chombo cha malori hukuhesabu kuwa lori la mizigo, nacho chakuzungusha mbali na barabara nyingi zilizokatazwa malori, ingawa gari-nyumba la kilo 3,500 laruhusiwa kupita humo. Tungesafiri salama, lakini tungefika siku ya tatu.

Palikuwa na vyombo vilivyotengenezwa kwa ajili ya gari-nyumba, kama vile Garmin na TomTom wanavyouza. Ndani yake waandika urefu, upana, kimo na uzito, nacho chachagua njia kwa vipimo hivyo. Tena huonyesha viwanja vya kambi. Bei yake ilizidi euro 300. Shemeji akaanza kuhesabu mbuzi ambao angenunua kule Kivu kwa fedha hiyo. Kulikuwa pia na programu ya simu iitwayo OsmAnd, ya bei ndogo, ambayo hutumia ramani ya OpenStreetMap. Ramani hiyo ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, na watu wa kujitolea huiandika duniani pote. Programu hiyo nayo yakubali kimo na uzito, na ramani yake hukaa ndani ya simu, hata pasipo mtandao. Ubaya wake ni kwamba kioo cha simu ni kidogo, na simu yenyewe huchoka kwa joto la jua.

Hatukutaka kushawishiwa na maneno ya karatasi ya duka. Tulimwomba mwuzaji ruhusa ya kukiuliza chombo juu ya daraja lile lile la mwaka uliopita. Tukaandika kijiji cha huku na kijiji cha huko, na kimo cha mita 2.96. Kile cha gari-nyumba kikageuka kabla ya mteremko, kikachukua barabara nyingine ndefu kidogo. Tukabadili kimo, tukaandika mita 2: mara kikatupitisha chini ya daraja. OsmAnd nayo, katika simu ya mama wa nyumba, ilifanya vivyo hivyo. Twawashauri wote wanaotaka kununua wafanye jaribio la namna hii. Kila mtu ana daraja analolijua karibu na kwake. Tukanunua kile cha gari-nyumba, na simu ikawa shahidi wa pili mkononi mwa mama.

Mambo machache tuliyajifunza baadaye, kwa gharama yetu. Chombo hutaka kuambiwa kama wataka njia ya haraka au njia fupi. Tulijaribu ile fupi mara moja tu, katika milima ya Ardennes, ikatuleta nyuma ya zizi la ng'ombe. Kuna pia mahali ambapo kimo peke yake hakitoshi kujulikana usiku wa safari: karibu na Paris, handaki la barabara ya A86 liitwalo Duplex halipitishi gari lolote lililozidi mita 2, nayo barabara za kuzunguka zataka muda zaidi, heri kujua nyumbani. Tena miji kama Antwerpen, tangu 2017, na Brussels, tangu 2018, yazuia motokari za zamani zenye moshi mbaya. Habari hiyo twaitafuta sisi wenyewe kabla ya kuondoka, kwa kuwa hatukuona chombo kikitupa hakika.

Mwaka 2024 shemeji alimwazima mwanawe chombo chetu, kwa gari lake dogo la kupelekea vifurushi. Kijana akaandika vipimo vya gari lake, kama ilivyompasa, akakirudisha kikiwa safi, na shukrani nyingi. Tulikuwa tumekwisha pakia kila kitu kwa safari ya bahari ya kaskazini. Mtoto wetu wa mwisho, ambaye sasa alikuwa na miaka tisa, akaketi mbele, akagusa kioo, akasema tena yale maneno yake: "Papa, hapa pameandikwa mbili nukta moja. Sisi ni ngapi?"

Siku hiyo mama wa nyumba alichukua karatasi nene, akaandika kwa wino mweusi: kimo 2.96, upana 2.30, urefu 6.95, kilo 3,500. Akaibandika juu ya usukani. Kabla ya kuwasha injini mtoto husoma kwanza karatasi, kisha kioo cha chombo, hesabu moja baada ya nyingine. Akisema ni sawasawa, twaondoka, na sauti inapotoa agizo lake la kwanza, watoto wote watatu huitikia kwa pamoja, kwa sauti ya shangazi: "Asante, mama."