Rivaldo Alipokuja Luanda

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2012 nilikuwa nimeketi kwa kinyozi nikingoja zamu yangu, ndipo radio iliposema ya kuwa Rivaldo, yule Mbrazili wa Barcelona, anakuja kucheza mpira Luanda, katika ekipe iitwayo Kabuscorp. Watu wakaanza kubishana. Kijana mmoja alisema ni uongo, labda ni mtu mwingine mwenye jina lile. Mzee kinyozi hakusimamisha hata mkasi wake. Alisema neno moja tu: "Amekwisha."

Neno lile lilinichoma. Nilikuwa na miaka 25, na mwaka uliotangulia nilikuwa nimetoka seminari kubwa, nikarudi kwetu bila kufikia upadri. Nilipopita sokoni nilisikia watu wakisema nyuma yangu maneno ya namna hiyohiyo. Basi nikaanza kumtetea Rivaldo kwa hasira, kana kwamba ni ndugu yangu wa tumbo moja. Wote waliokuwapo wakanicheka, na walikuwa na haki. Lakini tangu siku ile nimeifuata habari ya mtu huyu, nami nataka kuwasimulia.

Alizaliwa tarehe 19 Aprili 1972 upande wa Recife, katika jimbo la Pernambuco. (Recife ni bandari ambapo zamani walishushwa watumwa wengi waliotolewa Angola na Kongo. Watu wa kule na sisi tuna damu moja kuliko tunavyodhani.) Nyumbani kwao kulikuwa na njaa ya kweli, si ile ya kukosa chakula siku moja. Miguu yake ilipinda, na meno mengine yakang'oka angali kijana. Mwaka 1989 baba yake, Romildo, akafa katika ajali ya barabarani. Kijana alitaka kuuacha mpira kabisa, na mama yake ndiye aliyemhimiza aendelee.

Basi akaanza safari zake. Alichezea Santa Cruz ya Recife, kisha Mogi Mirim, kisha Corinthians, kisha Palmeiras, na pamoja na hao akawa bingwa wa Brazili mwaka 1994. Mwaka 1996 akaenda na vijana wa nchi yake kwenye michezo ya Olimpiki huko Marekani. Wengi mnaikumbuka ile mechi ya Nijeria: Brazili walikuwa mbele kwa mabao 3 kwa 1, mwishowe wakashindwa 4 kwa 3. Sisi Waafrika tulicheza ngoma. Lakini kule kwao walitafuta mtu wa kubebeshwa lawama, wakamwona Rivaldo, kwa kuwa alipoteza mpira mahali pabaya. Mwaka uleule alikwenda Hispania, kwa Deportivo La Coruña, akafunga mabao 21 katika ligi, na Barcelona wakamnunua. Mwaka 1999 akapewa Mpira wa Dhahabu, maana yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kati ya wachezaji wa Ulaya yote.

Kuhusu miaka yake ya Barcelona nitaeleza siku moja tu, nayo ni tarehe 17 Juni 2001. Ilikuwa siku ya mwisho ya ligi, na waliokuja walikuwa Valencia. Barcelona walikuwa hawana budi kushinda. Wakitoka sare, Valencia ndio wangeingia katika mashindano makubwa ya Ulaya badala yao. Rivaldo akafunga kwa mpira wa adhabu. Valencia wakasawazisha. Akafunga tena kutoka mbali. Wakasawazisha tena. Zilibaki dakika chache, kiwanja kizima kimenyamaza, ndipo mwenzake Frank de Boer alipompelekea mpira wa juu. Yeye alikuwa amelipa goli mgongo, karibu na mstari wa boksi. Aliupokea kwa kifua, akauacha upande kidogo, kisha akajitupa kinyumenyume hewani na kuupiga kwa mguu wa kushoto, ule mguu uliopindishwa na njaa. 3 kwa 2. Nimeonyesha picha zake kwa vijana wangu mara nyingi, nao hunyamaza kila mara.

Lakini nisimfanye malaika. Alikuwa mkaidi: alipokwisha kupata Mpira wa Dhahabu alimwambia kocha wake, Mholanzi van Gaal, ya kuwa hatacheza tena pembeni kushoto, na ugomvi wao haukuisha. Tena kuna jambo la Juni 2002, katika Kombe la Dunia. Brazili walikuwa wanaishinda Uturuki 2 kwa 1, dakika za mwisho kabisa. Rivaldo alisimama penye kona, na Mturuki mmoja kwa hasira akampigia mpira. Ukamgusa mguuni. Yeye akaanguka ameshika uso kwa mikono miwili. Mturuki akatolewa. Baadaye FIFA wakamtoza Rivaldo faini ya franga za Uswisi 11,670, naye aliendelea kucheza mpaka akaubeba ubingwa wa dunia, amekwisha kufunga mabao 5.

Sisi tuliiona mechi ile jioni, katika televisheni ya seminari ndogo, kwa umeme wa moteri. Tulicheka mpaka machozi, tukamsifu kwa akili zake. Sasa mimi ndimi ninayewafundisha mpira vijana wa misioni, na mwaka jana mmoja wao alifanya vilevile: mpira ulimgusa paja, akashika jicho, na mtoto wa ekipe nyingine akatolewa akilia. Nilimwita pembeni. Nikamwuliza, "Nani alikufundisha?" Akajibu, "Niliona katika simu, Mwalimu." Nikampeleka kuomba msamaha. Njiani sikusema neno, kwa sababu nilikikumbuka kicheko changu cha mwaka 2002.

Baada ya ubingwa ule alishuka ngazi. Milan walimweka benchi mara nyingi. Akarudi Brazili kidogo, akaenda Ugiriki, na huko alipata ubingwa mara tatu pamoja na Olympiacos. Akachezea AEK. Mwaka 2008 akafika Tashkent, katika Uzbekistan, kwa Bunyodkor, na huko pia akawa bingwa. Akarudi São Paulo mwaka 2011, kisha Luanda.

Watu husema alifuata fedha. Naam, alizifuata. Fundi wa matofali naye huenda panapojengwa nyumba, na hakuna anayemsimanga. Mtu aliyeijua njaa utotoni hawezi kuona kazi ya mshahara kuwa aibu kwa sababu tu kiwanja ni kidogo. Kule Luanda alikuta watu wanaosema Kireno kama yeye, na Palanca, mtaa wa Kabuscorp, umejaa watu waliotoka kwetu Kongo. Alicheza mwaka ule mmoja, akaondoka. Mwaka 2014 Trésor Mputu wetu wa Mazembe alikwenda katika ekipe ileile, na pale kwa kinyozi sikusikia hata mmoja akisema amekwisha.

Julai 2015, akiwa na miaka 43, Rivaldo alikuwa amerudi Mogi Mirim, akicheza ekipe moja na mwanawe, Rivaldinho. Siku waliyowashinda Macaé, baba alifunga na mwana akafunga. Mwezi uliofuata akaacha.

Nilimpelekea Mzee kinyozi habari hiyo, nikiwa nimejitayarisha kwa ubishi mrefu. Alisimamisha mkasi, mara hii.

"Miaka arobaini na mitatu!" akasema. "Mimi nikipanda baiskeli tu, magoti yanalia. Inamisha kichwa, Mwalimu."