Ghala la Harmondsworth: Jengo Lililoponea Chupuchupu

Wasafiri wengi wanaotoka Nairobi kwenda Uingereza hushukia kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow, nje kidogo ya London. Huchukua mizigo yao, wakapanda treni au basi, wakaenda zao mjini. Wachache sana wanajua kwamba upande wa kaskazini wa uwanja huo, mwendo mfupi tu kwa gari, kipo kijiji cha Harmondsworth, na ndani yake limo ghala la mazao lililojengwa karibu miaka 600 iliyopita. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, ghala hili lilikuwa na umri wa miaka 70 hivi.

Kwa nje halina madaha. Kuta zake ni za mbao zilizofifia rangi kwa jua na mvua, na paa lake la vigae linashuka chini sana, kama kuku aliyefunika vifaranga. Ukiingia ndani ndipo unapovua kofia. Urefu wake unapungua kidogo tu mita 60, upana wake ni zaidi ya mita 11, na kutoka sakafuni hadi kileleni ni karibu mita 12. Safu mbili za nguzo za mwaloni zimesimama juu ya misingi ya mawe, zikaligawa ghala katika nafasi 12. Zimeacha njia pana katikati na njia nyembamba pembeni, sawasawa na kanisa. Sisi akina mama tuliolitembelea tulijikuta tunanong'ona bila kuambiwa. Si ajabu kwamba mshairi John Betjeman alilifananisha na kanisa kuu la jimbo la Middlesex.

Si ghala la zaka

Kwa muda mrefu watu wengi waliliita ghala la zaka. Ni rahisi kuelewa sababu. Sisi wasomaji wa Biblia tunakumbuka jinsi nabii Malaki alivyowaonya watu wa Mungu wapeleke zaka yao ghalani, na zamani huko Uingereza zaka ilitolewa kwa nafaka, ikahitaji maghala. Jengo lenyewe, tena, lina sura ya kanisa na liko jirani na kanisa la kijiji. Basi jina likashika.

Lakini ukweli ni mwingine. Ghala hili lilikuwa la shamba kubwa la milki, na kazi yake ilikuwa kuhifadhi mavuno ya mwenye ardhi. Mwenye ardhi wakati huo alikuwa shule. William wa Wykeham, askofu wa Winchester, aliianzisha Shule ya Winchester mwaka 1382, na mwaka 1391 alinunua milki ya Harmondsworth ili mapato yake yaitegemeze. Katika mpango wake walikuwamo wanafunzi 70 maskini wa kusomeshwa kwa mapato ya aina hiyo. Wote walikuwa wavulana; wasichana hawakufikiriwa.

Tukiwa wazazi, habari hiyo ilitugusa. Ada za shule zinazotukosesha usingizi, hapa zililipwa kwa miganda ya ngano. Ila tusiwasahau walioivuna. Wanakijiji walilima, wakavuna na kupura. Wanawake nao walikuwa mashambani: walifunga miganda, na baada ya mavuno waliokota masazo pamoja na watoto wao, kama Ruthu katika shamba la Boazi. Milango ya ghala ni mikubwa, gari la mazao liweze kuingia, na upepo upite wakati wa kupepeta. Kila mama aliyewahi kushika ungo anaelewa habari hiyo bila kuelezwa.

Miti na daftari

Je, umri wa ghala ulijulikanaje? Kwa njia mbili, na zote mbili zinafundisha.

Njia ya kwanza ni mbao zenyewe. Katika nchi zenye majira ya baridi na joto, mti huongeza pete moja kila mwaka. Mwaka mzuri huacha pete nene, na mwaka mgumu huacha pete nyembamba. Wataalamu huchukua kipande chembamba cha nguzo, wakahesabu pete na kulinganisha mpangilio wake na wa mbao nyingine ambazo miaka yake inajulikana. Hivyo waligundua kwamba miti ya ghala hili ilikatwa kati ya mwaka 1424 na 1426.

Njia ya pili ni maandishi. Shule ilitunza hesabu zake za fedha, na hesabu za mwaka 1426 hadi 1427 zinataja gharama za ghala jipya. Hata fundi seremala mmoja, William Kypping, ametajwa kwa jina, kwa kuwa alitumwa mji wa Kingston kutafuta mbao. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa sababu mtu mmoja aliandika matumizi yake kwa uaminifu, seremala yule angali anajulikana baada ya karne sita.

Usipoziba ufa

Ghala liliendelea kutumika kwa kilimo hadi miaka ya 1970. Jengo likikosa kazi hukosa na wa kulitazama, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Mwaka 2006 kampuni moja ya binafsi ililinunua kwa pauni 1 tu. Matunzo hayakufuata. Vigae vikateleza, mvua ikapenya, na mwaka 2009 shirika la English Heritage, linaloshughulikia majengo ya kale, lililazimika kuingilia kati ili matengenezo ya haraka yafanyike. Mwishoni mwa mwaka 2011 shirika hilo lililinunua ghala kwa pauni 20,000, na baadaye likalifanyia matengenezo makubwa.

Lakini shirika peke yake lisingetosha. Wanakijiji ndio waliopiga kelele jengo lilipokuwa likioza, na wanakijiji wa kujitolea ndio wanaofungua milango katika siku chache za majira ya joto, wakawaonyesha wageni bila kutoza kiingilio.

Wasiwasi nao haujaisha. Mpango wa kuongeza njia ya tatu ya kurukia ndege hapo Heathrow unatishia kumeza sehemu kubwa ya kijiji. Serikali iliukubali mwaka 2009, ukafutwa mwaka 2010, Bunge likaupigia kura ya kuukubali mwaka 2018, na mwezi Januari 2025 serikali ikatangaza tena kuuunga mkono. Hata ghala likiachwa limesimama, tulijiuliza, litakuwa ghala la kijiji gani ikiwa nyumba zilizolizunguka zimebomolewa?

Na vihenge vyetu je?

Huenda msomaji mmoja atasema, hayo ni ya Wazungu, sisi tuna nini cha kuhifadhi? Tunacho. Katika sehemu nyingi za nchi zetu, kihenge kilikuwa moyo wa nyumba. Mara nyingi mama ndiye aliyejua kimebaki kiasi gani, mbegu ni ipi na ya kuliwa ni ipi, na jirani mwenye shida apewe vibaba vingapi. Vihenge vyetu vya fito na udongo haviwezi kudumu miaka 600, na leo familia nyingi zinahifadhi nafaka kwa mifuko na mapipa. Lakini elimu yake inaweza kudumu, kama tutaiandika.

Hapahitajiki fedha nyingi. Chukua daftari la mtoto la shule, ukae na bibi au mama mkwe wakati angali ana nguvu za kusimulia. Muulize kihenge kilijengwa na nani na kwa miti gani. Muulize nafaka ilikingwaje na panya na wadudu, nani aliruhusiwa kuchota, na mwaka wa njaa familia ilipitaje. Andika majina kamili na miaka, hata kama ni ya kukadiria. Kama kihenge kingali kimesimama, kipime, ukipige picha, na nyuma ya picha uandike ni wapi na lini. Waache watoto wawepo wakisikiliza. Nakala moja mpe ndugu mwingine, maana moto na mchwa havichagui.

Bwana Yesu alisimulia habari ya tajiri aliyetaka kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, asijue kwamba usiku uleule atatakiwa roho yake. Yusufu naye alijaza ghala za Misri, akaokoa mataifa na njaa. Tofauti yao haikuwa ukubwa wa ghala, bali ni nani aliyefikiriwa lilipojazwa. Watoto wetu wakituuliza bibi zao waliishije, wakute tumewawekea jibu.