Nyumba ya Kukokotwa

Kwetu sisi, mtu akisema ana nyumba, swali linalofuata ni moja tu: iko wapi? Mimi ninayo moja isiyoweza kujibu swali hilo. Iko pale ilipoegeshwa. Ni tela dogo la faiba, urefu wake futi 13, lina magurudumu mawili, mlango mmoja, na kitanda cha kuwatosha watu wawili waliozoeana. Watoto wa mtaani kwangu Chamazi wanaliita Yai. Watu wazima walilikadiria kwa namna nyingine. Mwezi ule wa kwanza nilipoliegesha uani, watu watatu walikuja, kila mmoja kwa siku yake, kuniuliza nitaanza lini kuuza chipsi. Wa nne alitaka nimpangishe afanyie uwakala wa kutuma fedha kwa simu.

Mama watoto hakuuliza habari za chipsi. Alilizunguka mara moja, akasema, "Mwalimu, miaka yote hiyo serikali ilikuwa ikituhamisha. Sasa unataka kujihamisha mwenyewe?"

Swali lake lilikuwa na haki. Nilihitimu Chuo cha Ualimu Mpwapwa mwaka 1972, na hadi nilipostaafu mwaka 2010 nikiwa mwalimu mkuu nilikuwa nimehamishwa mara saba. Ndugu msomaji, kama uliwahi kuwa mtumishi wa umma katika miaka ile, unaujua uhamisho: lori linafika alfajiri, magodoro yanafungwa juu, kuku wanatiwa tengani, watoto wanalia kwa ajili ya rafiki zao, na jioni unafunguliwa nyumba ya mwalimu yenye popo darini. Nyumba ya kwanza kuwa yangu kwa hati ni hii ya Chamazi, niliyoijenga kwa kiinua mgongo, tofali kwa tofali. Ilionekana ajabu kwamba mtu aliyengoja miaka 38 kupata ukuta wake mwenyewe aende tena kununua kuta zenye magurudumu. Sababu ninayo, na nitaifikia. Kwanza nilieleze tela lenyewe, maana lina ukoo wake.

Nililikuta mwaka 2017 nyuma ya gereji moja huko Temeke, limezungukwa na majani, kuku wakitaga ndani yake. Mwenye gereji alinieleza kwamba liliwahi kuwa mali ya Mkanada mmoja wa mashamba ya ngano ya Hanang. Hilo laweza kuwa kweli, kwa maana Wakanada walisaidia kilimo cha ngano huko kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mashamba yale yalichukua malisho ya Wabarbaig, wafugaji wanaohama na ng'ombe wao, nao katika miaka ya 1980 walifika mpaka mahakamani kudai ardhi yao. Huwa nawaza juu ya huyo mgeni aliyelala ndani ya nyumba ya kuhama, juu ya ardhi ya watu waliokuwa wakizuiwa kuhama. Lakini hiyo ni habari ya kitabu kingine.

Bamba la chuma karibu na mlango lilisomeka kwamba tela lilitengenezwa Kanada. Mjukuu wangu alitafuta katika simu yake, tukagundua asili yake. Mwaka 1968, mjini Winnipeg, mtu aitwaye Ray Olecko alianza kuunda matela ya namna hii na kuyaita Boler, kwa kufananisha umbo lake na zile kofia za duara za Waingereza. Kabla ya hapo bwana huyo alikuwa ameunda tangi la faiba la kupokea maji machafu ya choo, na ni kutokana na tangi hilo wazo la tela likamjia. Jambo hili sikuwaambia majirani. Mtu ambaye tayari anadhaniwa kuuza chipsi hahitaji kujulikana kwamba analala katika binamu wa shimo la choo.

Hata hivyo ufundi wake ni wa kusifiwa. Bodi lote ni maganda mawili, la juu na la chini, yaliyounganishwa katikati kama kopo na kifuniko chake. Hakuna mbao za kuliwa na mchwa wala bati la kuliwa na kutu, na sisi wa pwani tunajua kutu ni nini. Uzito wake ni chini ya kilo 450, kwa hiyo gari langu dogo linalivuta bila kulalamika sana, ila kwenye milima. Kasoro zake ni mbili. Ya kwanza ni joto: ukiliacha juani saa nane mchana, ndani panaiva mkate. Ya pili ni mlango. Huko Kanada magari hupita kulia, hivyo mlango umewekwa upande wa kulia ili mtu ashukie pembeni. Kwetu tunapita kushoto. Ukisimama kando ya Barabara ya Kilwa ukafungua mlango, unashukia mbele ya basi la Lindi. Tangu mwanzo tuliweka amri: tela halifunguliwi mpaka liwe limetoka kabisa barabarani, uani mwa mtu au chini ya mwembe.

Bodi lilikuwa na nyufa mbili na matundu ya ribiti zilizochomoka. Fundi wa magari alitaka kuziba kwa bati. Nikampata fundi wa boti huko Kunduchi, kijana anayetengeneza boti za faiba za wavuvi, naye alipoligonga kwa vifundo vya vidole alicheka, akasema, "Mzee, hii ni boti imepinduliwa." Alikuja Chamazi saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijapanda, kwa kuwa ile dawa ya kukausha resini, ukiizidisha au ukiichanganya kwenye joto, mchanganyiko wote huganda ndani ya kopo na hata kutoa moshi. Alitandika vitambaa vya nyuzi za kioo tabaka kwa tabaka, akipaka resini kwa brashi, akikandamiza mapovu yatoke. Nilimtazama kwa furaha ile niliyokuwa nikiipata kumtazama mwanafunzi mzuri ubaoni. Kufikia saa nne alikuwa ameshakunywa chai yake na kuondoka, na nyufa zile hazijarudi mpaka leo.

Sasa sababu. Wanaume wengi wa umri wangu wanaijua tezi dume, ingawa ni wachache wanaopenda kuitaja. Si lazima iwe saratani. Mara nyingi ni tezi kukua tu kadiri mtu anavyozeeka, ikaibana njia ya mkojo, nawe ukawa mtu wa kuamka mara nne au tano usiku. Nyumbani kwako hilo ni usumbufu. Ugenini ni fedheha. Unalazwa chumba cha kati, pamoja na wajukuu wa mwenyeji. Komeo la mlango linapiga kelele. Choo kiko ng'ambo ya uwanja, na mbwa hakujui. Asubuhi nyumba nzima inakuuliza kwa huruma kama tumbo limekuvuruga. Na ikiwa ni ukweni, basi, ndugu yangu, afadhali usiende.

Ndivyo nilivyofanya. Kuanzia mwaka 2013 sikulala nje ya nyumba yangu ila siku nilizolazwa hospitalini. Wenzangu walizikwa, nikatuma rambirambi kwa simu. Wanafunzi wangu walioa na kuozesha, nikapewa kiti cha mbele katika sherehe na kuondoka kabla ya giza. Watu walisema mzee ameanza kujitenga. Mtu hawezi kupanda jukwaani akaeleza habari ya kibofu chake. Ndani ya tela, chini ya kitanda, ipo ndoo yenye mfuniko. Hiyo ndoo ndiyo hasa niliyoinunua. Vingine vyote ni vya kuizunguka.

Nilidhani tatizo limekwisha. Kumbe nilikuwa sijazungumza na dada yangu.

Dada yangu mkubwa, aliyenilea mama yetu alipofariki, anaishi Kilwa Kivinje. Mwaka 2018, mwezi wa sita, tukaamua kwenda. Tulitoka Chamazi alfajiri, tukapita Mkuranga na Kibiti, na karibu na Ikwiriri trafiki akatusimamisha. Alikagua leseni, akakagua namba ya tela, kwa kuwa tela lina usajili wake mbali na wa gari, kisha akaomba kuona ndani. Alikaa kitandani, akabonyeza godoro, akatutakia safari njema. Tukavuka Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, lenye mita 970, ambalo lilifunguliwa mwaka 2003. Mimi ni wa enzi za pantoni. Niliwahi kukaa ng'ambo ya mto huo siku mbili pamoja na mke, watoto na kabati nikingoja kuvushwa kwenda kituo kipya cha kazi. Kila nipitapo darajani hapo huendesha polepole bila sababu.

Kwa dada tulifika alasiri. Kitanda kilikuwa tayari. Shuka mpya, chandarua kimefuliwa, chumba kimefukizwa udi. Nikamshukuru, nikamwambia kwamba mimi na wifi yake tutalala ndani ya tela. Hakusema neno mpaka tulipokwisha kula. Kisha akasema, "Mdogo wangu, umenijia na nyumba yako. Basi hapa mwenyeji nani?"

Neno hilo lilinikaa moyoni, na naona lina uzito kuliko hoja zote za majirani zangu. Wazungu huliita tela kama hili karavani. Neno hilo wamelitoa mbali, kwa Waajemi, na kwa Waajemi maana yake ilikuwa msafara: watu wengi wanaokwenda pamoja kwa kuwa peke yao wangeangamia. Pale Kivinje neno msafara si jepesi, kwani katika karne ya 19 misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia hapo na pembe za ndovu na watumwa. Sasa neno lile lile limekuwa jina la kisanduku cha watu wawili wasiomhitaji mtu yeyote njiani. Dada hajui Kiajemi, lakini hilo aliliona kwa kutazama mara moja. Kitanda cha mgeni si mbao na godoro. Ndicho kinachomfanya aliyenacho kuwa mwenye mji. Na mimi nilikuwa nimekuja na changu.

Hata hivyo nililala ndani ya tela, na nasema tena ningelala humo. Mzee naye ana haki ya usiku wake.

Asubuhi nilipewa uji kwa adabu nyingi mno, kama mkaguzi wa shule. Mama watoto alimfuata dada jikoni, wakafunga mlango. Sikuambiwa waliyoyazungumza, ila dada alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa moshi. Alikaa karibu nami barazani akanieleza habari ya shemeji yangu, marehemu mumewe. Miaka minne ya mwisho wa uhai wake hakusafiri popote. Hata mazishi ya kaka yake, Masasi, hakwenda, na ndugu zake walimnunia mpaka alipokufa, wakidhani ni kiburi. "Aliamka kama wewe," dada akasema. "Hakumwambia mtu. Na mimi nilimtunzia siri."

Usiku wa pili alikuja mwenyewe mlangoni mwa tela na kandili mkononi, ingawa umeme ulikuwapo. Akaingia, akajaribu meza jinsi inavyoshuka na kuwa kitanda, akafungua kabati, akaiona ndoo akaifunika tena bila kusema kitu. Akajilaza. Magoti yake ni mabovu, na basi alikuwa ameliacha muda mrefu, kwa kuwa makondakta hawasubiri mtu anayepanda ngazi kwa zamu ya mguu mmoja. Akauliza, "Hiki kinafika Masasi?"

Kilifika. Ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Kivinje, kupitia Nangurukuru, Lindi hadi Mnazi Mmoja, kisha Mtama, Nyangao na Ndanda. Tulikwenda kwa siku mbili, tukisimama kila alipotaka kunyoosha magoti. Kwa wakwe zake tulikuta vitanda vimeandaliwa, kama ilivyo desturi, na ni dada aliyewaeleza, kwa sauti ya mtu asiyeomba radhi, kwamba marehemu mume wake alikuwa mgonjwa na si mwenye kiburi, na kwamba yeye na wifi yake watalala ndani ya lile yai. Kuhusu mimi hakusema neno. Nikalala garini, kiti kimelazwa, mwembe hatua tatu kutoka mlangoni. Mwanamume ana nafuu zake. Asubuhi wakaenda makaburini, yeye na shemeji zake, nami nikabaki nikikaza ribiti moja iliyolegea kwa sababu ya matuta ya njiani.

Tumekwenda safari sita tangu hapo, mbili kati ya hizo pamoja naye. Mwezi wa tano mwaka 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya kusini, tulikuwa tumepanga ya saba. Tukaiahirisha, na baadaye magoti yakazidi. Juzi amepiga simu tena. Hakuuliza hali yangu kwanza, alianza na hali ya tela. Nikamwambia tairi la kushoto limekwisha, nami natafuta jingine la inchi 13. Akasema nitafute upesi, kwa kuwa shuka za kitanda cha tela ameshazishona, na safari hii ni yeye atakayekitandika.