Kujaza Risasi Nyumbani? Hapa Amu Tuongee Ukweli

Kuna vidio moja wengi wenu mmenitumia wiki hizi. Mzee wa Kimarekani yuko kwenye gereji yake safi, redio inaimba chinichini, anajijazia risasi za bastola. Anaokota maganda aliyokwisha kuyapiga, anayasafisha, anayajaza upya, halafu wikendi anaenda kulenga shabaha. Komenti zenu zote ni swali moja: "Manze, sisi hapa Kenya tunaweza?"

Jibu fupi: zii. Jibu refu ndilo limenikalisha chini niandike.

Kwanza tuiheshimu hiyo kazi. Risasi moja ya kisasa ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki ndogo kitakoni, baruti ndani na kichwa mbele. Ukifyatua, baruti inaungua, fataki inakufa, kichwa kinaenda zake, lakini ganda linabaki. Na ganda ndilo la bei. Mtu anayepiga maelfu ya risasi kwa mwaka akifanya mazoezi anaona kulitupa ni kutupa pesa.

Baruti yenyewe inapimwa kwa greni, kipimo kilichoanzia kwenye punje ya shayiri. Greni 7,000 ndizo ratili moja, kwa hivyo greni moja haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Sasa fikiria mkono uteleze. Baruti ikiingia mara mbili, bastola inaweza kukupasukia mkononi. Isipoingia kabisa, fataki peke yake inasukuma kichwa kinakwama katikati ya mtutu, na risasi inayofuata inakikuta palepale. Kwa hivyo yule mzee mnayemuona ametulia hivyo si kwamba anapunga upepo. Anahesabu.

Halafu kuna kitu vidio hazisemi. Kama ndoto yako ni Olimpiki, kujaza risasi hata hakukuhusu. Bastola ya mita 10 ni ya hewa, haina baruti. Ya mita 25 inatumia risasi ndogo ambayo fataki yake imefichwa kwenye ukingo wa ganda, haijazwi nyumbani. Ile duara ya pointi kumi kwenye mita 10 ina upana wa milimita 11.5, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mchezo uko hapo, kwenye pumzi na mkono. Sio kwenye gereji.

Tugeuke kwetu sasa. Kiswahili chenyewe kinakumbuka mambo. Risasi ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kitu cha kuua. Ukimsikia mvuvi hapa Amu akiulizia risasi, huenda anataka ya kutengenezea chubwi, ule uzito unaozamisha mshipi. Na bunduki za mababu, magobori na zile za gumegume, zote zilijazwa kwa mkono: baruti kwanza, risasi baadaye, shindilia, omba Mungu. Siyu, kule kisiwa cha Pate, ilisifika kwa mafundi wake wa visu, ngozi na vitabu, na ndiyo ile Siyu ya Bwana Mataka iliyomsumbua Seyyid Said wa Oman na Zanzibar. Kwa hivyo msije mkaniambia hizi ni habari za Wazungu.

Lakini swali la nani aruhusiwe kuwa na risasi halikuwahi kuwa swali la hobi huku. Julai 1890, Brussels, mataifa yalitia saini mkataba wa kuzuia bunduki za kisasa na risasi zake zisiingie sehemu kubwa ya Afrika. Gumegume na baruti ya kawaida zikaachiwa mlango. Sababu iliyoandikwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na si uongo, bunduki ziliibeba ile biashara. Ila angalia kilichofuata. Oktoba mwaka uleule, baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa Witu, Waingereza walishusha askari pwani yetu wakaenda kuuchoma mji. Wao walikuwa na silaha za kisasa. Huo mkataba uliwabana wengine.

Ruka mpaka Februari 1957. Dedan Kimathi ananyongwa, na kosa lililompeleka kitanzini ni kupatikana na bastola. Hiyo ndiyo nchi tuliyorithi. Hapa silaha haijawahi kuwa chombo tu, ni swali la uko upande wa nani.

Sheria ya leo? Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inasema huwezi kuwa na bunduki wala risasi bila cheti. Cheti chenyewe kinataja mpaka idadi ya risasi unazoruhusiwa kukaa nazo. Kutengeneza ni kwa aliyesajiliwa kwa kazi hiyo, na serikali ina kiwanda chake Eldoret. Hakuna kipengele cha "nilikuwa najaribu tu nyumbani, afande."

Na sisi wa Lamu tuna uzito wetu wa ziada. Juni 2014, Mpeketoni, zaidi ya watu 60 waliuawa. Ikaja kafyu, wavuvi wakakatazwa kuvua usiku, na mwaka wa 2015 operesheni ikaingia msitu wa Boni. Januari 2020, kambi ya Manda ikashambuliwa. Wengi wenu wa Nairobi mnayajua hayo kama habari. Sisi tumekulia ndani yake, na kila kijana wa huku anajua kuwa na kitambulisho mfukoni kabla hajawa na simu.

Ndiyo maana kilichonitia wasiwasi si vidio, ni meseji moja. Dogo wa sekondari ameniandikia kwamba ameokota maganda matatu huko bara, anataka kutoboa moja avae shingoni na mengine "ayatunze ya baadaye." Nimemjibu usiku uleule: mdogo wangu, usiyaguse mengine, hayo uliyonayo mpe mzazi au mzee wa mtaa ayafikishe panapofaa, na wewe usiwe peke yako. Kwako ni kidani. Kwa askari kwenye kizuizi ni swali, na hilo swali hataliuliza kwa upole. Na ukiokota kwenye msitu, huwezi kujua kipi kimepigwa na kipi bado kina moto ndani.

Kitu cha mwisho kuhusu madini yenyewe. Wanaoyeyusha risasi kutengeneza vichwa wanavuta sumu. Waulize watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliokaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Hata nyinyi mnaoyeyusha chubwi jikoni, tokeni nje, na watoto wakae mbali.

Sasa mtaniambia, wewe mwenyewe uliacha chuo mwaka wa pili, nani amekufanya mwalimu? Hakuna. Lakini naelewa kwa nini ile vidio inavutia. Kijana anatamani kitu cha kupima kwa mkono wake, kitu ambacho ukikosea kinakuambia palepale. Hiyo kiu ni halali kabisa, usione haya nayo.

Ila kuna shabaha zisizohitaji baruti. Waaweer, majirani zetu wa bara, walikuwa mabingwa wa upinde kabla uwindaji haujapigwa marufuku mwaka wa 1977. Upinde ni mchezo wa Olimpiki. Tamasha letu lina mbio za punda na mashindano ya mashua. Mbona tusiwe na siku ya kulenga kwa upinde, wazee wa Kiaweer wakiwa walimu na waamuzi, na wakilipwa? Kaunti ikitaka kuwekeza kwa vijana, mahali ndipo hapo.

Mimi sitapost mafunzo ya kujaza risasi, hata mkinipa views milioni. Lakini siku upinde ukivutwa hapa Amu, niko mbele kabisa na kamera. Nani anakuja?