Nahodha na Daktari Wake

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii tulifundishwa tangu shule ya msingi, tukaitumia katika insha hata ikatuchosha. Mimi niliielewa Alhamisi moja jioni, muhula wa pili, nikiwa dukani kwa mjomba wangu nikitazama televisheni ya mtu mwingine.

Ndugu msomaji, kwanza nikujulishe duka lenyewe. Mjomba hutengeneza redio na televisheni hapa Nakuru. Kila amalizapo kuitengeneza televisheni, huijaribu kwa diski ile ile, ya mchezo wa zamani wa Marekani uitwao Star Trek. Husema mchezo huo unamfaa kwa sababu waigizaji wake huvaa mashati mekundu, ya buluu na ya manjano, kwa hivyo rangi moja ikipotea anaijua papo hapo. Kwa sababu hiyo nilikuwa nimeuona mchezo huo zaidi ya mara kumi, tena vipande vipande, bila kuutazama hata mara moja.

Mchezo wenyewe ulianza kuonyeshwa Marekani mwaka wa 1966. Unahusu chombo cha angani kiitwacho Enterprise, chenye watu zaidi ya mia nne, kinachosafiri kati ya nyota. Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili watafurahi kusikia kwamba afisa wa mawasiliano katika chombo hicho ni mwanamke Mwafrika aitwaye Uhura, na jina lake limetokana na neno letu uhuru. Kenya ilikuwa imejitawala miaka mitatu tu, na tayari Kiswahili kilikuwa kimefika kwenye nyota!

Sehemu aipendayo mjomba inaitwa Balance of Terror. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 15 Desemba 1966. Inaanza na harusi. Nahodha wa chombo, James Kirk, amesimama kuwafungisha ndoa vijana wake wawili, mara king'ora kinalia. Vituo vya ulinzi vya mpakani vinashambuliwa na chombo cha Waromulani, watu waliopigana na wanadamu miaka mia moja kabla ya siku hiyo. Hakuna mwanadamu aliyewahi kuwaona kwa macho yake. Isitoshe, chombo chao kina ujanja wa kujificha kisionekane kabisa. Lakini ujanja huo unakula nguvu nyingi, na wakitaka kufyatua silaha sharti wajitokeze.

Basi vyombo hivyo viwili vinaviziana. Mwandishi, Paul Schneider, aliuchota mfano huo kwenye filamu ya mwaka wa 1957 iitwayo The Enemy Below, inayohusu manowari ya Marekani na nyambizi ya Ujerumani katika Vita Vikuu vya Pili. Unafika wakati ambapo vyombo vyote viwili vinazima mitambo na kukaa kimya. Hakuna anayesema kwa sauti. Kila upande unangoja mwenzake akohoe.

Sasa niache mambo ya nyota kidogo nikueleze mambo ya hapa duniani.

Mimi ni nahodha wa timu ya mpira ya shule yetu. Jumamosi kabla ya Alhamisi hiyo tulikuwa tumecheza na shule jirani, tukafungwa mabao mawili kwa moja. Kushindwa si hoja, asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini tukiwa kwenye stendi ya matatu, jiwe lilirushwa kutoka upande wao likampata kipa wetu. Alishonwa nyuzi sita juu ya jicho. Daktari alisema kama lingeshuka kidogo tu, jicho lingekwenda.

Shule nzima ilichemka. Jumatatu wavulana walikutana nyuma ya bweta la maji wakaamua kwamba Ijumaa, kengele ya saa kumi ikishalia, tungewangoja darajani tuwaonyeshe cha mtema kuni. Hakuna aliyeniuliza kama nitakwenda. Nahodha si atakuwa mbele? Wengine walikuwa wamekwisha kuficha rungu vichakani. Mimi niliitikia tu, "Sawa sawa," nikacheka nao. Usiku sikulala.

Alhamisi hiyo nilipitia dukani pamoja na rafiki yangu. Sisi humwita Daktari. Ana pumu, hawezi kucheza, lakini hakosi mechi hata moja. Yeye ndiye hubeba mkoba wa huduma ya kwanza, chupa za maji na jaketi zetu zote. Mjomba alikuwa amemaliza televisheni ya mteja akaweka diski yake. Picha ilipotulia, tulimwona Kirk chumbani mwake, peke yake, katika ile saa ya kimya.

"Mjomba, hebu usizime kwanza," nikasema.

Anaingia daktari wa chombo, McCoy, ambaye ni rafiki yake wa karibu. Hapo ndipo nahodha anavua unahodha wake, ijapokuwa shati bado amelivaa. Anasema laiti angekuwa mahali pengine, safarini baharini, asiye na jukumu lolote. Anasema akiwa kule mbele anawaona watu wote wakimtazama yeye, wakingoja neno lake. Kisha anauliza lile jambo ambalo hawezi kuwauliza wao: itakuwaje akikosea?

Nilihisi kama nimemwagiwa maji baridi. Swali hilo lilikuwa langu tangu Jumatatu.

Nilidhani daktari atamwambia, "Usijali, wewe ni hodari." Hakusema hivyo. Wala hakumwambia apigane au asipigane. Alimwambia tu kwamba nyota ni nyingi mno, na huenda dunia kama hii yetu ziko mamilioni, lakini katika wingi wote huo kila mtu ni mmoja tu, hana wa pili. Akamsihi asimwangamize yule mmoja anayeitwa Kirk. Basi. Mazungumzo yenyewe hayafiki hata muda wa kunywa kikombe cha chai.

Mjomba akatikisa kichwa. "Rangi ziko sawa," akasema, akazima.

Tulitoka na Daktari tukashika njia ya nyumbani. Giza lilikuwa linaingia na wauza mahindi ya kuchoma walikuwa wakipepea makaa. Tulitembea kitambo bila neno. Mwishowe nikasema, "Wee Daktari, na kesho nikikosea je?"

Hakunijibu mara moja. Alihamisha mkoba wake kutoka bega hili hadi lile. Kisha akasema, "Sikiza. Jezi namba nane nikimpa mtu mwingine, ataivaa na mechi itachezwa. Lakini mama yako hana mwingine wa jina lako. Kipa wetu naye kwao ni mmoja. Na yule aliyerusha jiwe, hata kama ni mjinga, kwao ni mmoja."

"Kwa hivyo nisiende?"

"Mimi sikuambii uende wala usiende. Ukienda, nitakuja na mkoba. Lakini ujue bandeji zimebaki mbili."

Nilitaka kucheka, kicheko kikakataa. Bandeji mbili, na sisi tulikuwa tumepanga kwenda watu thelathini.

Ijumaa saa kumi nilisimama mbele ya wenzangu nikawaambia siendi, na kwamba naomba nao wasiende. Usidhani walinipigia makofi. Mmoja aliniita mwoga. Mwingine alinitaka nivue utepe wa unahodha nimpe mwanamume. Maneno hayo yaliniuma, kwa maana waliosema si adui zangu, ni watu ninaokula nao githeri. Lakini wengi walisimama wakisitasita, kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Waliokwenda darajani ni wanne.

Mmoja wa hao wanne alirudi na mkono uliovunjika.

Jioni hiyo Daktari na mimi tulimpeleka hospitalini. Tulipofika tulimkuta nahodha wa ile shule nyingine ameketi kwenye benchi. Yeye naye alikuwa amemleta mtu wake, kichwa kimefungwa shati. Tulikuwa tumesoma darasa moja zamani, kabla hawajahama mtaa wetu. Nafasi ilikuwa pale pale kando yake tu, nikakaa.

"Wewe sikukuona darajani," akaniambia.

"Sikuja."

Akanyamaza sana. Halafu akasema, "Mimi nilikwenda. Jana usiku sikulala, lakini sikuwa na mtu wa kumwambia."

Ndipo nikakumbuka ile sehemu nyingine ya mchezo ambayo sikuwa nimeitilia maanani. Nahodha wa Waromulani naye si zimwi. Amechoka na vita, na yeye pia ana rafiki, mzee mmoja askari aliyetumika naye miaka mingi, ambaye humnong'oneza ukweli wenzake wasiposikia. Mzee huyo anakufa katikati ya vita. Nahodha wake analazimika kuutupa mwili wake nje pamoja na vifusi ili adui adhani chombo kimekwisha. Mwishoni, aliposhindwa, Mromulani na Kirk wanaonana kwa mara ya kwanza kwenye kioo cha mawasiliano, na yule aliyeshindwa anakiri kuwa pengine wangeweza kuwa marafiki. Kisha anakilipua chombo chake mwenyewe. Na Kirk aliyeshinda? Upande wake amekufa mtu mmoja tu, na mtu huyo ni yule bwana harusi. Ushindi wake unaishia pale pale penye harusi, akimfariji msichana ambaye hakupata kuolewa.

Nimelifikiria jambo hili muda mrefu. Zamani niliamini rafiki mzuri ni yule anayesema, "Twende, niko nyuma yako." Wa namna hiyo nilikuwa nao thelathini. Sasa naona kwamba kabla ya vita mtu huhitaji mmoja wa kumsikiliza akitetemeka, asimcheke, wala asimwamulie. Amkumbushe tu kwamba yeye ni mtu kabla hajawa nahodha, na kwamba walio ng'ambo ni watu vile vile. Baada ya hapo uamuzi hubaki wake. Kirk mwenyewe alikwenda kupigana. Mimi sikwenda. Lakini sote wawili tuliulizwa kwanza.

Hata hivyo sitaki kujifanya shujaa katika jarida hili. Lile swali bado ninalo. Nilijua habari ya darajani tangu Jumatatu. Zilikuwepo siku nne za kumwendea mwalimu wa michezo, nami nikanyamaza nisije nikaitwa msaliti. Kama ningesema, wanne wale wasingefika darajani, na mwenzetu asingeandika mtihani wa muhula kwa mkono wa kushoto. Walimu wangu, jambo hili hamkulijua, na leo nalikiri kwa kalamu yangu mwenyewe. Kukataa kwenda kulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili sikuifanya.

Kipa wetu amepona, na kovu lake analiringia kama nishani. Utepe wa unahodha nilimrudishia mwalimu nikamwambia achague mwingine akipenda. Aliutazama, akanirudishia bila neno. Daktari alinunua bandeji kumi kwa pesa zake za nauli, akatembea kwa miguu wiki nzima. Nilipomuuliza za nini nyingi hivyo, alisema mpira una mambo.

Nawe msomaji mwenzangu, kama una mtu wa namna hiyo, usingoje usiku wa kuamkia vita ndipo uongee naye. Na ukimwona nahodha yeyote ameketi peke yake kimya, iwe nahodha wa mpira, kiranja au hata mzazi wako nyumbani, sogea ukae naye. Huenda kuna swali analoogopa kuliuliza mbele ya watu.